Kasha la Somo Yangu

Nauza vikuukuu kando ya barabara hapa Garsen, pale magari ya kwenda Lamu yanaposimama watu wanyooshe miguu na kununua maji. Kibanda changu ni miti minne na turubai. Mezani kuna midila ya shaba ya kupikia kahawa, kandili, masinia yaliyobonyea, mbuzi za kukunia nazi zilizokwisha makali, na vibuyu vya maziwa vya Waorma ambavyo ukiviinamia bado vinanuka moshi. Watu wa hapa hupita wakanicheka. Mama mmoja muuza samaki aliwahi kuniuliza, "Dada, hivi vitu sisi tulivitupa, wewe waviokota utuuzie tena?" Nikamjibu simuuzii yeye, namuuzia mtu wa Nairobi ambaye kwao havikuwako.

Kuuza si kazi. Kuuza ni kukaa na kufukuza nzi. Kazi ni kutafuta, na kutafuta maana yake ni kuingia nyumba za watu na kukaa kwa adabu huku macho yakizurura. Nimefika Kipini, nimefika Ngao, nimepanda lori la mbuzi hadi Bangale nikarudi na kibuyu kimoja na mafua. Kanuni yangu ni moja: usikisifu unachokitaka. Ukikitaka kinu, sifu mwiko. Ukilitaka sinia, uliza bei ya kandili iliyovunjika kioo. Mwenye nyumba akigundua jicho lako limetua wapi, kile kitu ambacho jana kilikuwa kikikaliwa na kuku kinakuwa ghafla urithi wa babu.

Nyumbani nilikuwa nakaa kwa kaka yangu. Ndoa yangu ya Hola ilipovunjika nilirudi na mfuko mmoja, wazazi wetu walikuwa wameshafariki, na kaka akanipa chumba cha nyuma ambacho hadi leo kila mtu anakiita chumba cha magunia. Nilalapo, miguu yangu inagusa mahindi na kichwa kiko chini ya masinia. Kaka hakuniambia hata siku moja niondoke. Wifi yangu naye si mtu mbaya. Alikuwa tu akisema, "Dada, masinia yako yameanza kuzaa," kisha anacheka, nami nacheka, halafu nalala nikiwaza kicheko chake kwa muda mrefu. Mwanamke mzima nilikuwa naomba ruhusa ya kupigilia msumari ukutani. Nilichoka mpaka nikachoka kusema nimechoka.

Kwa hiyo yule mama wa Malindi aliponipa ahadi, niliishika kwa mikono miwili. Yeye ndiye mnunuzi wangu mkubwa. Huja na pikapu yake, hutazama meza yangu bila kushuka kwanza, kisha hushuka. Siku moja aliniambia anafungua duka la pili Malindi na anatafuta mtu wa kulikalia, duka mbele, chumba nyuma, mlango wake mwenyewe.

"Lakini mie nataka mtu mwenye jicho," akasema. "Nimeambia wawili, wewe na bwana mmoja wa Witu. Atakayeniletea kasha la kweli, lile la zamani la maharusi, la mbao za msaji, lenye njumu, yale mapambo ya shaba ya kupigilia, huyo ndiye nitakayempa funguo. Si kasha la kutengenezwa jana likapakwa rangi ya chai."

Mlango wangu mwenyewe. Nilikuwa nikifukuza nzi na kulirudia hilo neno.

Nililipata kasha nisipolitegemea. Nilikuwa nimekwenda Ngao kutafuta kandili, nikaambiwa ng'ambo ya mto, kijiji kidogo tu, kuna nyumba zenye vyombo vya kale. Nikavuka kwa mtumbwi. Nyumba ya tatu au ya nne niliyoingia ilikuwa ya bibi mmoja Mpokomo, mjane, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Aliishi na mwanawe na mke wa mwanawe. Chumbani kwake mlango ulikuwa wazi, na ndani, chini ya mkeka uliokunjwa na beseni la kunde, nikaona kona ya shaba.

Sikutazama tena. Niliketi, nikasifu mbuzi ya kukunia nazi. Nikaishika, nikaigeuza, nikauliza meno yamekwisha lini. Bibi akanihadithia habari za ile mbuzi kama mtu anayesimulia habari za mtoto. Katika mazungumzo akaniuliza, "Na wewe waitwa nani?"

Nikamwambia. Akanigeukia.

"Hilo jina langu mimi," akasema.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu wasomaji wa mbali wanaweza kudhani hili ni jambo dogo. Kwetu jina halitolewi hewani. Mtoto hupewa jina la mtu, na wanaochangia jina ni somo kwa somo. Hawaitani kwa majina tena, huitana somo. Mama wa somo yako ni mama yako, msiba wake ni wako, na njaa yake ukiisikia huwezi kulala. Sisi wafanyabiashara tunalijua hilo na tunalitumia kila siku. Ukimkuta mtu wa jina lako, unapiga kelele ya furaha, "Kumbe wewe somo yangu!" naye anapunguza bei kidogo kwa aibu, mnacheka, unaondoka. Kila muuza nguo wa sokoni hufanya hivyo na hakuna anayedhurika. Na jina letu lile si adimu.

Basi nikapiga makofi. Nikasema kwa sauti, jirani wakisikia, "Kumbe wewe ndiye somo yangu! Mimi sina mama, sina bibi, kumbe nimebaki na somo huku ng'ambo!" Yote yalikuwa kweli. Niliyasema vile tu biashara inavyosemwa.

Bibi hakucheka. Alisimama, akashika uso wangu kwa mikono yenye unga wa kunde, akautazama. Kisha akatoka nje na kuwaita watu. Walikuja wanawake, akaja mwanawe kutoka shambani na jembe begani. Nikachinjiwa jogoo. Mzee mmoja wa kanisa akaomba sala ndefu iliyonitaja mimi na safari zangu. Nilikula kichwa kikiwa chini, nikiwaza lile kasha.

Baada ya kula nikajikaza. Nikasema ningependa kununua ile mbuzi, na kama wana kitu kingine cha zamani, hata sanduku, ningetazama.

"Kununua?" bibi akauliza. Akawageukia watu. "Mwasikia? Somo yangu ataka kununua. Mtu hujiuzia kitu chake mwenyewe?"

Wakacheka wote. Akanishika mkono akanipeleka chumbani, akaondoa beseni, akaondoa mkeka. Mungu wangu. Lilikuwa la msaji, jeusi kwa kushikwa, njumu zote zipo isipokuwa chache upande wa nyuma, na pete za kubebea bado nzito. Baba yake alikuwa mpagazi wa forodha Kipini, akalileta mtoni bintiye alipoolewa.

"Ni lako," akasema. "Kasha hufuata jina."

Nilitamani kuruka. Kasha la bure! Nilishukuru kwa maneno yote niliyokuwa nayo na mengine nikayaazima. Tukapanga siku, mwanawe atalivusha, mimi nitangoja ng'ambo na tuktuk.

Siku ilipofika nikasimama ukingoni mwa mto na dereva wa tuktuk. Mtumbwi ukatoka upande wa pili. Nililiona kasha katikati, na juu ya kasha ameketi bibi, amevaa gauni la kanisani, mkeka mapajani na kuku mkononi. Nilidhani anakuja kuniaga. Mtumbwi ukagusa matope, mwanawe akalishusha kasha, akamshusha mama yake, akashusha na sufuria moja na jembe dogo. Halafu akanipa mkono kwa mikono miwili.

"Dada," akasema, "tumekukabidhi. Sisi tulikuwa tukijiuliza mama atabaki na nani sisi tukihamia shamba la juu. Mungu si mtu. Umemwita mbele ya watu, naye ameitika."

Nilifungua mdomo. Mke wake alikuwa ng'ambo akipunga leso. Wanawake wa kijiji walikuwa wamesimama mstari mzima, na mzee wa kanisa akiwa ameinua mkono. Niambie, ungesema nini? Nikasema, "Karibu, somo yangu." Dereva wa tuktuk akamfungia kuku miguu.

Kaka yangu alipomwona mwanamke mzee akiteremka mlangoni kwake alinitazama kwa jicho ambalo nalijua tangu utotoni. Lakini ni mzee, na mgeni, na anaitwa jina la dadake. Akamwamkia, "Shikamoo mama," akaenda kumtafutia godoro. Wifi akaleta chai. Mimi nikalisukuma kasha ndani ya chumba cha magunia, likajaa mpaka mlango ukawa unafunguka nusu. Tukawa tunaingia kwa ubavu.

Nilijiambia ni wiki chache. Atachoka, atakumbuka mto wake, atasema nirudisheni. Hakusema. Aliamka kabla yangu, akafagia uwanja ambao si wake. Alichambua mchele wa wifi punje kwa punje. Alikuja kibandani akaketi juu ya kigoda kilichokuwa cha kuuzwa, na mteja akikiuliza bei nilikuwa naona haya kumwambia bibi ainuke. Ndani ya kasha aliweka vitu vyake: gauni, kitabu cha nyimbo, shuka jeupe la maziko yake lililokunjwa vizuri. Nyumba nzima ikashikwa na adabu. Wifi aliacha hata ule mzaha wa masinia. Kaka akawa anakohoa kabla ya kutoka chumbani mwake. Hakuna aliyekuwa akisema jambo la kweli pale uwanjani, maana kila jambo la kweli lilikuwa na mzee ndani yake.

Nami nilikuwa nakosa hewa. Nasema bila kuficha, kuna asubuhi nilimchukia. Nilimtazama akila polepole na kufuta bakuli kwa kidole, nikawaza, mama huyu amekaa juu ya mlango wangu. Nilijaribu kudokeza. Nilimwambia, "Somo, huko kwenu sasa mpunga umeiva, eeh?" Akajibu, "Umeiva," akaendelea kushona mkeka. Nilimwambia, "Garsen kuna joto baya kwa watu wazima." Akajibu, "Nimezoea joto." Nilimpigia simu mwanawe kumjulia hali, nikamzungusha kwa maneno mpaka akaelewa ninakokwenda, akasema kwa upole kwamba wameshahamia shamba la juu, na ile nyumba ya mtoni wameivua mabati. Kisha akauliza, "Kwani dada, kuna tatizo na mama?" Nikasema hapana, hakuna tatizo lolote.

Mama wa Malindi akapiga simu. Duka liko tayari, bwana wa Witu amempelekea kasha la kupakwa rangi ya chai, je mimi? Nikamwambia ninalo. Akaja kesho yake.

Alisimamisha pikapu nje ya lango la kaka. Nikamleta hadi mlangoni, akaingia kwa ubavu kama sisi wote, akapiga magoti. Alipitisha kidole juu ya njumu, akanusa mbao, akachungulia chini. Alipoinuka macho yalikuwa yakimeta. "Umelipata wapi hili, mwanamke?" Halafu ndipo akamwona bibi, ameketi pembeni juu ya magunia, anamtazama.

"Huyu ni nani?"

"Somo yangu. Kasha lilikuwa lake."

"Ni la somo yangu," bibi akasema kwa Kiswahili chake cha mtoni. "Mimi nimempa. Akitaka kuuza, auze. Mimi vitu vyangu nitaweka kwa mfuko."

Mama wa Malindi akanivuta uwanjani, karibu na mtungi. Alisema taratibu, si kwa ubaya. Chumba cha duka ni cha mtu mmoja. Anataka mtu ambaye akiambiwa panda basi uende Lamu kutazama mzigo, anapanda siku ileile. Akiniona na mzee anayehitaji uji na kupelekwa hospitali, ananionea huruma, lakini hawezi.

"Atarudi kwao lini?" akauliza.

Kila kitu kilikuwa mdomoni mwangu. Ningesema wiki ijayo. Ningesema kaka atabaki naye. Nilimtazama wifi aliyejifanya anaanika nguo, nguo moja kwa muda wote ule. Nilitazama mlango wa chumba cha magunia, nikaona mkono wa bibi umeanza kutoa vitu kwenye kasha, kimoja kimoja: kitabu cha nyimbo, gauni, lile shuka jeupe. Alikuwa akiviweka kwenye mfuko wa unga.

"Harudi," nikasema.

"Na kasha?"

"Kasha lina vitu vyake."

Akatikisa kichwa. Alinunua midila na masinia mawili, labda kwa kunihurumia, akaondoka. Nilisikia pikapu ikibadilisha gia pale barabarani, na nilijua bwana wa Witu na rangi yake ya chai anakwenda kulala kwenye chumba changu.

Nikaingia ndani nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, hata kwa yule mume wa Hola. Nikakaa juu ya kasha. Bibi alikuwa ameshika mfuko wa unga umejaa vitu vyake.

"Mbona hakuchukua?" akauliza.

"Kwa sababu yako," nikasema. Sikupunguza sauti. "Leo nimeacha duka, nimeacha nyumba yenye mlango wangu, nimeacha kutoka humu, kwa sababu yako. Ujue hivyo."

Nilitegemea alie, au anilaani, na vyote viwili vingenifaa. Aliweka mfuko chini. Akapangusa magoti yake, kisha akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua:

"Mimi kule nilikuwa na kitanda."

Sikumwelewa.

"Nilikuwa na kitanda, na mto mlangoni, na kaburi la mume wangu nyuma ya nyumba. Mwanangu alikuwa anataka nihamie shamba la juu, nimekataa. Nimesema sitoki hapa mpaka nife. Halafu wewe ukaja. Ukasema mbele ya watu, sina mama, sina bibi, nimebaki na wewe tu. Nikasema, huyu mtoto ana shida gani mpaka anaita hivyo kwa watu asiowajua? Somo akiita, utamwacha vipi? Nimefunga mkeka, nimekuja. Nimefika, nimeona walala na magunia ya watu, nikasema, kweli, huyu hana mtu. Nitakaa naye. Kila siku nangoja useme, somo, sasa nimepata nafuu, waweza kurudi. Husemi. Waniuliza mpunga."

Nilikuwa nimekaa juu ya lile kasha na sikuweza kuinua kichwa. Nikakumbuka mabati. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba nyumba yake imevuliwa mabati, na mimi ndiye niliyekuwa najua.

"Wataka kurudi?" nikamuuliza mwishowe.

"Wewe wataka niende?"

Tulikaa vile katika joto lile, yeye juu ya magunia na mimi juu ya kasha, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme. Wifi akabisha mlango, akaingiza kichwa kwenye ile nafasi nusu, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Akauliza kwa adabu kama leo tungependa wali au ugali.

"Chochote," tukajibu, wote wawili kwa pamoja.